Kompyuta huvuka mpaka, tangazo la hatari hubaki nyuma

Kwenye risiti nyingi za maduka ya vifaa vya umeme mjini Arua na Koboko, pale chini kabisa, kuna sentensi moja isiyokosekana: mali ikishauzwa hairudishwi. Wengi wetu hatuisomi. Tunaiona kama sehemu ya karatasi, mfano wa jina la duka na namba ya simu. Wiki chache zilizopita nilikaa katika duka moja la Koboko nikaona sentensi hiyo ikifanya kazi yake, na tangu siku hiyo haijanitoka kichwani.

Habari ilianzia kwenye simu. Ujumbe ulizunguka katika makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara kwamba betri za aina fulani ya kompyuta mpakato zinapata joto kupita kiasi, na kwamba huenda kampuni ikaagiza zirudishwe. Neno lenyewe lilikuwa "huenda". Ilipofika saa nne asubuhi, "huenda" lilikuwa limeshaanguka njiani, na wateja walikuwa wameanza kuingia na mashine zao mikononi.

Wa kwanza alikuwa mwalimu wa sekondari. Betri ya kompyuta yake ilikuwa imevimba hadi kifuniko cha chini kimeinuka. Alitaka pesa yake. Mwenye duka, mama wa makamo anayeheshimika mjini, alimjibu kwa upole: "Mwalimu wangu, si mashine. Ni umeme wetu huu. Unakuja, unakatika, unaunguza kila kitu."

Wa pili alikuwa kijana kutoka Kaya, ng'ambo ya Oraba. Alinunua kompyuta mbili mwaka jana na kulipa kwa pauni za Sudan Kusini. Naye alitaka pesa yake, ila hawakuelewana ni kiasi gani, kwa sababu pauni ya mwaka jana si pauni ya leo.

Wa tatu hakuja kudai. Alikuja kununua. "Mama," alisema akiinama juu ya kaunta, "hizo zinazoogopwa nipe kwa bei ya chini. Nitazipeleka Ariwara. Kule hawajasikia."

Mama hakumjibu. Alinigeukia mimi, mwandishi niliyejikalia kwenye kiti cha plastiki, akauliza: "Mwanangu, nikimrudishia mwalimu pesa yake, mimi nani atanirudishia?"

Swali hilo ndilo lililonifanya niandike leo, na nitalijibu kabla ya kumaliza. Kwanza tutazame yale majibu matatu, kwa kuwa kila mmoja wetu anayefanya biashara kati ya Uganda, Kongo na Sudan Kusini amewahi kuyasikia, au kuyatamka mwenyewe.

Jibu la umeme si uongo mtupu. Kwa miaka mingi West Nile ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea majenereta ya dizeli na umeme wa maji wa Nyagak. Umeme unaopanda na kushuka huua chaja, huunguza mashine, na lawama kwa umeme imekuwa desturi yetu. Lakini betri huvimba kwa sababu nyingi: joto, uzee, chaja bandia, au kasoro ya kiwandani. Kwa macho, fundi wa Koboko hawezi kuzitofautisha, na fundi wa Nairobi pia hawezi. Kinachoweza kusema kama betri hiyo imo katika kundi lenye kasoro ni kitu kimoja: nambari ndefu iliyoandikwa kwenye betri na chini ya mashine. Kampuni inapoita bidhaa zirudishwe, haiiti kila mashine yenye jina lake. Inaita nambari fulani.

Asubuhi ile hakuna aliyekuwa na nambari. Risiti ya mwalimu ilisema "laptop 1" na bei. Kijana wa Kaya hakuwa na risiti kabisa. Mama alimpigia muuzaji wa jumla wa Kampala, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapo, akaambiwa ni uvumi wa washindani. Alipopiga mara ya pili, simu haikupokelewa. Kwa hiyo hadi naondoka, mji mzima ulikuwa ukibishana juu ya jambo ambalo lingeweza kujibiwa kwa dakika tano.

Wapo watakaosema haya ni matatizo ya miji ya mpakani isiyo na utaratibu. Sikubaliani nao. Mwaka 1994 profesa wa hisabati wa chuo cha Lynchburg, Virginia, Thomas Nicely, alitangaza kwamba prosesa ya Pentium ya kampuni ya Intel inakosea katika hesabu fulani za kugawanya. Intel ilijibu kwamba kosa hilo ni nadra mno, na kwamba itambadilishia mteja yule tu atakayeonyesha kwamba kazi yake inaathirika. Wateja walikasirika. Tarehe 12 Desemba IBM ikasimamisha kupeleka sokoni kompyuta zake zenye chipu hiyo. Siku nane baadaye Intel ililegeza msimamo: kila anayetaka kubadilishiwa abadilishiwe bila maswali. Uamuzi huo uliigharimu hesabu ya dola milioni 475.

Tazama vizuri jibu la kwanza la kampuni hiyo kubwa: mteja athibitishe kwanza. Lina tofauti gani na "ni umeme wetu huu"? Woga wa mfanyabiashara ni uleule, awe Marekani au Koboko. Tofauti ilikuwa kwamba wateja wale walijua walichonunua, na wanunuzi wakubwa walisimama upande wao.

Miaka 16 baadaye kampuni hiyohiyo ilijibu kwa namna nyingine. Tarehe 31 Januari 2011 Intel ilitangaza yenyewe kwamba chipu mpya inayokaa kwenye ubao mkuu wa kompyuta ina kasoro: baadhi ya njia za kuunganishia diski zingeweza kudhoofika kadiri siku zinavyopita. Kompyuta zilikuwa bado zinafanya kazi. Hata hivyo ilisimamisha kuzipeleka sokoni, ikakadiria dola milioni 700 za kurekebisha na kubadilisha. Watengenezaji na maduka waliziondoa bidhaa hizo kwenye rafu. Mwenye duka anayejua kwamba hasara itabebwa na aliyetengeneza hana sababu ya kuficha boksi.

Kwa upande wa betri, hatari ni kubwa kuliko hesabu iliyokosewa. Agosti 2006 kampuni ya Dell iliita betri milioni 4.1 za kompyuta mpakato zilizotengenezwa na Sony. Chanzo kilikuwa chembe ndogo sana za chuma zilizoingia ndani ya seli wakati wa utengenezaji, ambazo zingeweza kusababisha shoti na moto. Apple nayo iliita betri milioni 1.8 mwezi huohuo. Mwaka 2016 Samsung iliita simu zake za Galaxy Note 7 duniani kote, na mwezi Oktoba ikaacha kabisa kuzitengeneza, kwa sababu ya betri.

Sasa tuje karibu na nyumbani. Januari 2018 kampuni ya HP pamoja na tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa zilitangaza kuita betri za kompyuta kadhaa zilizouzwa kati ya Desemba 2015 na Desemba 2017. Katika orodha hiyo zilikuwemo baadhi ya ProBook za G2 na G3. Kwa Marekani pekee zilihesabiwa betri zipatazo 50,000, na mwaka mmoja baadaye orodha iliongezwa. Kampuni ilitoa betri mpya bila malipo, na programu ya kuizima betri ya zamani ili mashine itumike kwa chaja peke yake wakati mwenyewe akisubiri.

Nani kati yenu, ndugu zangu wauza kompyuta, hajawahi kushika ProBook ya mtumba? Sisemi kwamba mashine hizo ni mbaya. Nyingi ni nzuri, na ndizo zimewafundisha vijana wetu kompyuta. Ninachosema ni kwamba mashine iliyouzwa mpya katika ofisi ya Marekani au Ulaya mwaka 2016 hufika Dubai ikiwa mtumba, ikaenda Nairobi au Kampala, ikapanda basi, ikavuka daraja la Karuma na la Pakwach, ikafika Arua, ikalala Koboko, kisha ikavuka Vurra au Oraba. Katika safari yote hiyo inabadilisha wenyewe mara tano au sita. Tangazo la kuirudisha halikupanda basi hata mara moja. Lilibaki kule kule lilikosomwa, kwa lugha ya kule.

Ndiyo maana jibu la tatu, lile la mchuuzi aliyetaka kuzipeleka Ariwara, ndilo linaloniogopesha zaidi. Mpaka wetu umejengwa juu ya tofauti: bei ya huku si bei ya kule, na anayeijua tofauti hiyo ndiye anayekula. Si dhambi, ndiyo biashara. Lakini tofauti ya bei ni jambo moja na tofauti ya habari za hatari ni jambo lingine. Anayenunua shuka Arua na kuiuza Ariwara kwa faida hamdhuru mtu. Anayepeleka betri anayoiogopa mahali ambako "hawajasikia" anahamisha moto kutoka nyumba moja hadi nyingine. Itachajiwa usiku, pembeni ya kitanda cha mtoto, pengine chini ya paa la nyasi. Na moto huo ukiwaka, atakayeulizwa si kiwanda cha mbali. Ataulizwa mtu wa Koboko, anayejulikana kwa sura na kwa jina la ukoo.

Nirudi kwa mama na swali lake. Nani atamrudishia? Kwa hali ilivyo leo, hakuna. Yeye ndiye mtu wa mwisho katika mnyororo mrefu, na ndiye pekee ambaye mteja anamjua anakokaa. Faida yake kwa kompyuta moja ni ndogo. Akirudisha bei nzima ya mashine kumi, duka limefungwa. Kumwambia tu awe mwaminifu, halafu tukaondoka, ni kumtwisha mzigo wa watu watano waliotangulia. Sheria ya Uganda ya uuzaji wa bidhaa na utoaji wa huduma ya mwaka 2017 inamlinda mnunuzi anayeuziwa kitu kisichofaa kwa kazi aliyokinunulia, na sentensi iliyochapishwa chini ya risiti si ngao ya kila kitu kama tunavyodhani. Lakini kumbukeni kwamba mama naye ni mnunuzi. Alinunua Kampala. Haki anayoidai mwalimu kwake ndiyo haki anayoweza kuidai yeye kwa muuzaji wa jumla, na muuzaji wa jumla kwa mwagizaji.

Haki hiyo hupanda ngazi kwa karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona mahali ambapo methali hiyo ina ukweli zaidi ya kwenye kaunta ya kompyuta. Kwa hiyo nina mapendekezo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mkutano wa wakuu wa nchi.

La kwanza ni la wenye maduka. Mashine inapoingia na inapotoka, andika nambari yake na ya betri, jina la mteja na namba yake ya simu. Kama kuandika kunachosha, piga picha ya kibandiko cha chini kwa simu na uiweke pamoja na picha ya risiti. Na kwenye risiti taja fedha iliyolipwa na thamani yake kwa shilingi au dola siku hiyo. Ugomvi wa kijana wa Kaya haukuwa wa kompyuta. Ulikuwa wa pauni. Mstari mmoja wa kalamu ungeumaliza.

La pili ni la vyama vya wafanyabiashara wa Arua na Koboko. Mwenye duka mmoja anayepigia simu Kampala anaweza kukatiwa simu. Maduka ishirini yanayonunua kwa muuzaji mmoja hayakatiwi. Kubalianeni kwa pamoja: hatununui mzigo bila maandishi kwamba, kampuni ikiita bidhaa zirudishwe, muuzaji wa jumla atapokea mashine na kutubadilishia au kuturudishia fedha. Atakayekataa kuandika hivyo amekuonyesha mapema atakavyofanya siku ya matatizo.

La tatu ni la Shirika la Viwango la Taifa la Uganda, UNBS, pamoja na wenzao wa Kongo, Sudan Kusini, Kenya na Tanzania. UNBS ina utaratibu wa kukagua bidhaa kabla hazijasafirishwa kuja nchini. Ni jambo jema, lakini ukaguzi huo huangalia bidhaa siku ile. Kasoro inayogunduliwa miaka miwili baadaye haimo katika cheti. Hapo panahitajika kazi nyingine: kufuatilia matangazo ya kampuni kubwa za kompyuta, simu na betri, kuyaweka kwa Kiswahili chepesi, na kuyabandika Vurra, Lia na Oraba, mahali ambapo tunabandika viwango vya ushuru. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na Sudan Kusini tangu 2016. Maana yake vituo vyote hivyo vitatu sasa viko kwenye mipaka ya ndani ya Jumuiya. Jumuiya ina sheria yake ya viwango na sheria yake ya ushindani tangu 2006. Kama bidhaa zinaruhusiwa kutembea ndani ya soko moja, habari za hatari ya bidhaa hizo nazo zitembee.

Hapo forodha nayo ina nafasi yake. Mfanyabiashara wa Ariwara anayerudisha kompyuta mbovu Arua asionekane kama anayeingiza mali mpya. Akiwa na risiti yenye nambari ya mashine, afisa anaweza kulinganisha na kumpitisha. Bila hivyo, ushuru na usumbufu wa kurudisha utazidi bei ya betri, na kila mtu ataona afadhali aiuze mbele.

La nne ni letu sote, na linahusu zile siku tatu au nne za uvumi, kabla ukweli haujajulikana. Najua hofu ya wafanyabiashara: uvumi unaweza kuwa wa kweli, na unaweza kuwa wa mshindani anayetaka kukuharibia soko. Kwa hiyo usiuze na usichome. Weka pembeni. Soma nambari, angalia kwenye tovuti ya kampuni yenyewe badala ya ujumbe uliosambazwa, na andika majina ya waliokuja kuuliza. Mteja aliyeandikwa jina na kuambiwa "rudi Ijumaa nitakuwa na jibu" haendi kupiga kelele sokoni. Yule aliyeambiwa "ni umeme wako" ndiye anayekwenda.

Na kwa betri iliyovimba, hakuna cha kusubiri. Usiichaji, usiitoboe kutoa hewa, usiibane ili kifuniko kifunge, na usiitie kwenye mzigo wa basi. Iweke mbali na vitu vinavyoshika moto, kisha itoe nje ya nyumba wanamolala watu. Hilo halihitaji tangazo la kampuni yoyote.

Nilimpigia mama simu kabla ya kuandika makala haya. Yule mchuuzi alirudi mara mbili, na mara ya pili alipandisha bei. Hakumuuzia. Nilidhani atanieleza habari za dhamiri, lakini alinieleza habari za biashara. "Watu wa Ariwara wananijua," alisema. "Wakija sokoni hupita kwangu kwanza. Nikiwauzia ugonjwa, mwaka ujao nitamuuzia nani?" Kompyuta nne zimo kwenye boksi, zimezimwa, stoo ya nyuma. Mwalimu hajapewa pesa. Amepewa mashine nyingine ya kutumia, kwa maandishi, mpaka Kampala waseme.

Kampala hawajasema. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lake ni hili: atakayekurudishia, mama, ni yule aliyekuuzia, lakini hawezi kulazimishwa na mtu mmoja mwenye risiti iliyoandikwa "laptop 1". Nenda kwake na nambari nne za mashine, tarehe ulizonunua, na wenzako wengine wenye nambari zao. Kisha, siku utakayoagiza vitabu vipya vya risiti, mwambie mchapaji aiondoe ile sentensi ya chini. Pale iliposimama paandikwe: nambari ya mashine, na mstari mtupu wa kujaza.